Kulwa, Doto na Maneno Niliyoyameza

Siku isiyonitoka kichwani, mwanangu, ni ile niliyomkubalia mjomba wangu kwamba nitakaa kimya. Tulisimama nyuma ya zizi, nje kidogo ya Kharumwa, jioni ya kuamkia baraza la kijiji. Aliniomba jambo dogo: kesho ukipewa nafasi ya kusema, usiseme. Nikaitikia kwa kichwa. Mpaka leo, uzeeni, natamani ningekataa.

Sikupanga kuyaandika haya. Lakini mwezi uliopita walikuja hapa vijana wa chuo na vishikwambi vyao, wakashinda machimboni wakiwapima punda migongo na kuhesabu mapigo ya moyo, kisha wakaondoka bila kutuambia walichokiona. Wiki hiyo hiyo likaja gari la watetezi wa wanyama, lenye kipaza sauti. Wakatukemea tuwahurumie punda, wakagawa fulana, na mmoja wao akamkaribia punda kwa nyuma akala teke la paja. Wachimbaji walicheka mpaka jioni. Makundi yale mawili yalipishana barabarani yakatiliana vumbi, hayakusalimiana. Nikakaa kizingitini nikawaza: laiti wangeshuka wakaongea, hata kwa muda wa kunywa chai tu. Maana mimi najua kinachotokea ujuzi unapokaa huku na utetezi ukakaa kule. Niliwahi kusimama katikati ya hivyo viwili, nami ndiye niliyevizuia visikutane.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kurudi nyumbani kwa mama. Mama alikuwa na punda wawili wa kijivu, Kulwa na Doto. Hawakuwa pacha kama majina yanavyosema. Walizaliwa masika moja, katika zizi moja, wakakua bila kuachana, ndipo mama akawaita hivyo. Alfajiri walimletea maji ya nyumbani. Kisha mjomba Masanja aliwachukua kubeba viroba vya mawe ya dhahabu, kutoka kwenye mashimo tunayoyaita maduara, mpaka kwenye karasha yanakosagwa. Mimi ndiye niliyetembea nyuma yao na fimbo.

Ndipo akaja Rehema, msichana wa chuo kikuu, kusoma namna punda wanavyoishi wao kwa wao. Alitafuta mtu anayejua punda na anayejua Kisukuma, akaelekezwa kwangu. Wachimbaji walimwita Mama Punda. Kila alipopita walimuuliza, "Mama Punda, leo wamekwambia nini?" Naye, bila kugeuka, alijibu, "Wamesema mnanuka." Wakampenda kwa hilo.

Siku ya kwanza aliniambia nikae chini nimtazame Kulwa, basi. Nilidhani ananitania. Mimi niliyemchunga tangu akiwa mtoto, nimtazame nini tena? Aliweka kidole midomoni akaketi kando yangu kwenye mchanga. Jua likasogea, miguu ikafa ganzi, naye bado anatazama.

Mwanangu, sijui nikwambieje. Ni kama mtu aliyeishi miaka yote katika nyumba, siku moja akagundua kwamba kuna chumba hajawahi kukifungua. Niliona Doto akilala na Kulwa akisimama kumlinda, masikio yakizunguka. Kisha, bila mlio wala ishara niliyoijua mimi, wakabadilishana. Niliona Kulwa akikwangua kwa meno bega la mwenzake, palepale ambapo kamba ya mzigo ilimkata, polepole, asiguse kidonda.

Lakini jambo lililonishika hasa lilikuwa hili. Kulwa alikuwa na jicho moja bovu, la kushoto. Kipande cha jiwe kilirukia pale akiwa bado mdogo. Sisi sote tulilijua jicho lile. Baada ya siku kadhaa za kutembea nao, Rehema aliniuliza, "Kaka Shija, Doto hutembea upande gani wa Kulwa?" Nikasema upande wowote, ni punda. Akasema nitazame. Nikatazama kwenda na kurudi, wakiwa na mzigo na bila mzigo, penye njia pana na penye njia finyu. Doto alikaa kushoto. Tulipogeuka kurudi alizunguka nyuma ya mwenzake, akaenda kusimama kushoto tena. Alikuwa jicho la Kulwa.

Nami nilimchapa Doto mara nyingi kwa jambo hilo hilo. Njia yetu ilipita kando ya mashimo ya zamani, na kila nilipotaka ahamie kulia alikataa, nikamwita mkaidi nikampiga. Siku ile nilishindwa kumwangalia usoni. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mama, naye akaweka mwiko chini akasema, "Na mimi nilidhani nawafahamu."

Rehema naye hakubaki kama alivyokuja. Alikuwa amefundishwa kwamba kazi ya mtafiti ni kuangalia na kuandika, mengine awaachie wenyewe. Jambo hilo lilimtesa. Wakati ule dhahabu mpya ilikuwa imeonekana ng'ambo ya kilima, na wenye maduara walitaka punda wa kijiji wagawanywe, kila duara lipate wake, hata kama ni kuwatenganisha waliozoeana. Uamuzi ungetolewa kwenye dagashida, baraza letu la wanaume wa kijiji. Tulikuwa tumekaa kwenye kivuli cha zizi aliponiambia, "Nimeshaona, kaka Shija. Nikinyamaza sasa, nitakuwa nimeona kwa faida ya nani?"

Wanawake hawaketi dagashida, na mgeni hasemi mle bila mwenyeji. Kwa hiyo akaniomba nimsemee. Alinifundisha maneno yake mpaka nikayashika: kwamba punda waliozoeana wasiachanishwe, kwamba wawekewe kitu laini mgongoni chini ya kamba, na kwamba Kulwa hasa, kwa jicho lake, asitenganishwe na Doto kwenye ardhi yenye mashimo. Aliniambia nisiwakemee wazee wala nisiwaombe huruma. Niwaeleze tu nilichokiona, kwa sababu mimi mwenyewe nilikiona.

Jioni hiyo ndipo mjomba alipokuja nyuma ya zizi. Hakunitisha. Aliongea kwa upole, kama anayenitakia mema. Alisema mambo ya chuo yabaki chuoni. Yule binti atarudi kwao, na mimi nitabaki na watu hawa. Kijana akisimama mbele ya wazee kusimulia urafiki wa punda, watamcheka mpaka aoe. Kisha akaniambia kwamba duara lake jipya ng'ambo ya kilima litahitaji msimamizi, naye alikuwa akinifikiria mimi. Nilikuwa kijana, nilitaka sana kuitwa msimamizi. Basi nikaitikia kwa kichwa.

Kesho yake tuliketi. Mzee Luhende, aliyeongoza baraza, alisikiliza wenye maduara mpaka wakamaliza. Kisha akanigeukia mbele ya wote. "Shija, wewe unashinda na yule mgeni wa punda. Kuna neno?"

Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni. Nikamwona mjomba akitazama vidole vya miguu yake. "Hakuna neno, mzee," nikasema.

Kulwa akapelekwa ng'ambo ya kilima, Doto akabaki kwa mama. Nilimwambia Rehema kwamba wazee wamekataa. Nikamwacha alie.

Tangu hapo, wale punda waliitana. Huyu alilia upande huu, yule akajibu upande ule, na kilima chote kiko katikati. Masikio yangu hayakusikia mara zote sauti ya Kulwa, lakini nilijua amelia kwa sababu Doto aliacha kula akageukia kule.

Asubuhi moja Kulwa aliitoa shingo kwenye kamba akaifuata sauti ya mwenzake. Alivuka kilima chote, mwanangu, na jicho moja. Alikaribia kabisa kufika. Karibu na karasha yetu kulikuwa na duara la zamani lisilofunikwa, nalo lilikuwa kushoto kwake.

Tulipofika alikuwa amekwisha kufa. Wachimbaji walimfunga kamba wakamvuta juu kwa gogo lao la kuvutia viroba. Mjomba akasema aburutwe upesi, kama tulivyofanya siku zote kwa mnyama aliyekufa, punda wengine wasije wakaingiwa na hofu. Hapo Rehema, aliyekuwa amefika pamoja nasi, akasema kwa sauti ya chini, "Msimwondoe. Mleteni Doto kwanza, amuage." Wachimbaji wakatazamana. Mmoja wao, ambaye kila siku ndiye aliyekuwa na utani mkali kuliko wote, akaenda mwenyewe kumfuata.

Doto alikuja bila kuvutwa. Alimnusa Kulwa mdomo, akanusa shingo, akamsukuma begani kwa kichwa, mara ya kwanza taratibu, mara ya pili kwa nguvu. Kisha akazunguka. Nilijua anakokwenda kabla hajafika. Alikwenda kusimama kushoto, kati ya Kulwa na shimo, akatulia.

Mtu mmoja alizima mashine ya karasha. Sijui ni nani. Watu wenye mikono migumu, waliozika wenzao bila kuacha kazi nusu siku, walivua kofia zao za plastiki wakasimama kwenye vumbi. Nimesali katika makanisa makubwa, nimefika kwenye makaburi ya watemi, lakini sijawahi kusimama mahali palipotulia vile. Jua lilipofika juu ya vichwa vyetu, Doto alivuta pumzi ndefu, akamwacha mwenzake, akaenda kunywa maji.

Rehema akanijia. "Uliwaambia?" akaniuliza.

"Sikuwaambia," nikasema.

Hakunitukana. Alinitazama kwa muda, kama alivyowatazama wale punda, kisha akaenda kukusanya vitu vyake.

Katika dagashida iliyofuata nilisimama nikasema yote: la jicho, la upande wa kushoto, la kulindana usingizini. Nilisema vizuri, maana nilikuwa nimefundishwa vizuri. Mzee Luhende alinisikiliza mpaka mwisho.

"Haya uliyajua lini?" akaniuliza.

"Kabla Kulwa hajafa, mzee."

"Basi kaa chini."

Uamuzi ule ulivunjika baadaye, lakini si kwa ajili yangu. Waliouvunja ni wachimbaji waliokuwa pale shimoni. Walianza kuwarudisha punda wawili wawili, na aliyewauliza walimwambia yale waliyoyaona kwa macho yao. Nilielewa hapo kwamba kama ningewapa wazee jicho la Rehema siku ile, hata wale wakali wangeliona. Watu wetu hawakuwa na mioyo mibaya. Hakuna aliyekuwa amewaambia.

Kwa hiyo, mwanangu, nawe unayekwenda kusoma habari za wanyama, sikiliza ninalokuomba. Ukijua jambo linaloweza kumwokoa kiumbe, usilifungie kwenye kabati la chuo ukasema kazi yako imeisha. Lipeleke barazani, kwa lugha ya watu wa pale, na ikibidi umtume mtu, mtume mwenye uti wa mgongo kuliko mimi. Na wewe mwingine, unayetaka kuwatetea, kaa kwanza kwenye mchanga umtazame huyo unayemtetea mpaka miguu ife ganzi. Ujue anatembea upande gani na kwa nini. Mkikutana barabarani ninyi wawili, shukeni, msalimiane. Na anayekuja kukunong'oneza kwa upole nyuma ya zizi kwamba unyamaze, hata kama ni mjomba wako, mkatalie pale pale, kabla hakujapambazuka.

Mungu akupe macho ya kuona na kinywa kisichokauka mbele ya wakubwa. Akupe kushangaa hata uzeeni. Viumbe vitakavyopita mikononi mwako vikutane na amani.

Mimi usimamizi niliupata, nikauacha baada ya msimu mmoja. Doto aliishi miaka mingi zaidi, na mpaka anakufa alitembea ukingoni mwa njia, upande wa kushoto, akiacha nafasi ya mwenzake. Nilitembea nyuma ya nafasi ile kila siku. Kunyamaza kwangu kulimuua Kulwa, kulinipotezea Rehema na ile kazi ya kuwatazama punda, kazi pekee niliyowahi kuipenda, na tangu siku ile hakuna mtu aliyenituma tena kumsemea.