Rola Tatu za Kinu cha Mtae

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kujumlisha safu ya uzito bila kuzidisha kwa idadi. Nilikuwa nimejifunza mwenyewe kuchora mashine kwenye kompyuta ya karakana moja pale Lushoto, na kinu cha kukamulia miwa cha watu wa Mtae kilikuwa kazi yangu ya kwanza. Pembeni ya mchoro palikuwa na jedwali la vipuri: jina, malighafi, idadi, na uzito wa kipande kimoja. Mbao wangepasua kwao, kwa hiyo niliwapelekea jumla ya chuma peke yake, nao wakaita wabebaji wa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kwa kufuata jumla hiyo. Rola, mitungi ya chuma inayobana miwa, zilikuwa tatu. Mimi nilihesabu moja.

Lori lilikwama barabara ilipobomoka. Wanaume waliokuja hawakutosha, wakapanda na kushuka mlima ule mara tatu kwenye utelezi. Safari ya mwisho nilishika ncha ya rola pamoja nao. Tulipoitua, mzee aliyewaongoza alikaa juu yake akisugua bega.

“Shikamoo, mzee,” nikasema, macho chini.

“Marahaba, fundi. Hebu niambie, chuma hiki kimenenepa njiani?”

Wenzake wakacheka hadi wakakohoa. Mimi nilitamani wanitukane.

Siku hizi jedwali langu lina safu ya idadi mara uzito, na kila malighafi naijumlisha mara mbili, ya pili kwa kalamu. Wasiwasi haujaniisha.