Njiwa wa baba walivyotuletea habari ya uzazi kinyumenyume, Élisabethville

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi. Nimezaliwa Lubumbashi, enzi hizo ikiitwa Élisabethville, na sasa naishi Kigoma kwa binti yangu. Umri umeshapita themanini. Mkiona herufi zimepotea mnisamehe, natumia kidole kimoja na miwani ya zamani.

Juzi nimesoma uzi wa kijana analalamika kwamba baba yake kastaafu na sasa anasumbua nyumba nzima. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Nikasema hapana, na mimi lazima niandike. Haya yalitokea nyumbani kwetu na niliyaona mwenyewe. Sitaongeza chumvi, ilikuwemo ya kutosha.

Nitaandika Kiswahili chenu, ila watu wa kwetu wakiongea nitawaacha waongee cha kwetu. Mtaelewa tu.

Haya, twende.

Tulikuwa tunakaa Commune Albert, ambayo leo inaitwa Kamalondo. Baba yangu, Papa Célestin, alifanya kazi reli maisha yake yote. Kwanza alichochea makaa kwenye injini, baadaye akahamia karakana. Miaka ya hamsini ilipofika kati wakampa pensheni, wakampa na saa ya mfukoni, akarudi nyumbani.

Wiki za kwanza aliamka alfajiri ileile, anavaa yunifomu aliyopiga pasi mwenyewe, anakaa kwenye kiti barazani.

Anakaa tu.

Treni ikipiga honi kule gare, yaani stesheni, anatoa saa, anaitazama, anairudisha mfukoni. Mama yangu, Mama Véronique, aliniita jikoni akaninong'oneza: "Philo, papa yako atatukufia hapa ku kiti."

Kilichomwokoa ni njiwa.

Mbelgiji mmoja, dereva wa treni aliyefanya kazi na baba, alikuwa anarudi kwao Ulaya. Wabelgiji wa zamani, wakuu, njiwa wa mbio walikuwa ugonjwa wao. Akaja na kikapu chenye njiwa sita, akasema hawezi kuwachinja na hawezi kusafiri nao. Baba alikipokea kile kikapu kwa mikono miwili kama mtu anapokea mtoto kanisani.

Kwa wasiojua: njiwa wa namna hii ukimwachia mbali, anarudi mwenyewe pale alipokulia. Kwa hiyo wale sita baba hakuwafungulia, wangerudi kwa Mbelgiji. Alisubiri wazae. Vifaranga ndio wakawa wa kwetu.

Akawapa majina ya stesheni. Tenke, Kamina, Sakania, Bukama. Kila mmoja stesheni yake.

Na hapo baba yangu akazaliwa upya, sijui niseme vipi. Asubuhi anakunywa kahawa kwenye kikombe cha bati amesimama mlangoni pa kibanda alichowajengea, anawapa habari za dunia. Nusu ya mkate wake inaishia kwao. Miezi ya baridi anawapashia maji ya kuoga, anachovya kiwiko kwanza kama mama wa kichanga. Na beseni ni la mama.

Njiwa akirudi kutoka matembezini, baba anavaa kofia ya reli, anapuliza filimbi, anapiga kelele: "Train inaingia!"

Kila mara. Mtaa mzima ulikuwa unajua ratiba.

Mama alikuwa hawataki hata kuwaona. Walikuwa wanakula mahindi yake aliyoanika, halafu wanapanda kwenye kamba ya nguo, juu ya shuka zake.

"Célestin! Aba ndege yako banakunya ku drap yangu!"

"Ni baraka, Vero. Inatoka yulu."

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, najifunza kushona, nawachekea wote wawili.

Siku moja nilikuwa naenda Kipushi kumsalimia shangazi. Baba akanibebesha kikapu na njiwa watatu, akaniambia niwaachie sokoni. Nikawaachia, watu wakapiga makofi. Nikala kwa shangazi, nikapanda lori, nikafika nyumbani jioni miguu imejaa vumbi. Baba amekunja nne barazani, ananitazama.

"Weye ulipitia wapi? Benzako balishakula."

Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Hata mama alitabasamu, ila aligeukia ukutani tusimwone.

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe.

Kaka yangu Gaspard, karani wa duka la vitambaa mjini, alikuwa ameoa. Mke wake, wifi yangu Léonie, kwao ni kijiji kimoja kando ya ziwa Moero, si mbali na Pweto, kule samaki wa kukausha wanakotoka. Akapata mimba ya kwanza, na kama desturi akaenda kujifungulia kwa mama yake. Safari yenyewe ilikuwa malori ya samaki, halafu boti. Barua kutoka kule ilikuwa inatembea wiki nzima, wakati mwingine wiki mbili.

Asubuhi ya safari tunafunga mizigo, baba anatokea na kikapu. Ndani yumo Sakania, jike mwekundu, kipenzi chake kabisa. Na Bukama, dume wa kijivu.

"Ukishazaa," akamwambia Léonie akiwa ameangalia pembeni, maana mkwe hamtazami mkwe usoni, "andika kakaratasi, fungulia Sakania. Bukama ni ya akiba, kipanga iko mingi mu njia. Usibafungulie mbele ya kuzaa, hata balie namna gani."

Alikuwa ametengeneza vibomba viwili vidogo vya kufunga mguuni, kwa tyubu ya dawa ya meno.

Gaspard akacheka. "Papa, kule hakuna reli. Bukama atafuata nini?"

"Atafuata bibi yake. Namubakiza hapa."

Bibi kwetu ni mke, wakuu. Na Sakania naye mume wake alibaki kibandani. Gaspard aliacha kucheka, maana yeye mwenyewe alikuwa anaagana na bibi yake asubuhi hiyo na macho yalikuwa mekundu.

Mama ndiye aliyeharibu. Alisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, majirani wanasikia.

"Bon. Aba ndege bakileta habari, nitanyamaza mpaka kufa kwangu. Kama habaleti, siku ya ubatizo tutabakula na bukari. Bote!"

Bukari ndiyo ugali, wakuu. Baba akajibu haraka mno: "Nakubali."

Halafu akaingia kibandani akakaa humo muda mrefu. Nilimpelekea maji. Nilimkuta ameshika njiwa mmoja kifuani.

Zikapita wiki saba.

Baba alihamisha kiti kikatazama kaskazini. Alikula anatazama juu. Alinyolewa anatazama juu, kinyozi akakasirika. Watu wa mtaani wakipita wanamwuliza, "Papa Célestin, posta inafika lini?" na yeye anajibu, "Iko mu njia."

Siku ya siku, ilikuwa saa nane mchana, niko na pasi ya makaa mkononi, nikasikia filimbi. Si filimbi ya kawaida. Ilikuwa inalia bila kupumzika.

"TRAIN INAINGIA!"

Nikakimbia. Mama akakimbia na mwiko. Juu ya kibanda ametua Bukama, amekonda, mdomo wazi. Peke yake.

Baba alimshika. Akashindwa kufungua kibomba, nikafungua mimi. Kakaratasi kadogo, mwandiko wa mdogo wake Léonie aliyesoma kwa masista.

Nikasoma kwa sauti:

"Tena kuna mwingine. Huyu ni wa kiume. Wote wazima."



"Mwingine wa nini?" akasema baba.

"Soma tena," akasema mama.

Nikasoma tena. Gaspard akaitwa dukani, akaja anakimbia na futikamba shingoni, akasoma mara nne, akageuza karatasi akatazama nyuma.

"Mwingine gani? Mi nilimuacha na moja!"

Mama alikuwa bado ameshika mwiko hewani. Nikamwona anahesabu na midomo. Halafu akautupa ule mwiko, wakuu, ukaruka mpaka kwa jirani.

"MAPASA! Weye mujinga, ni mapasa! Bako babili!"

Mapasa ni mapacha. Na kwetu mapasa wakizaliwa kuna nyimbo zake, na maneno ya zile nyimbo siwezi kuandika hapa, moderator atanifungia. Ni matusi matupu, ndiyo heshima yake. Mama yangu, wa kwaya, mwenye medali ya Bikira Maria shingoni, alizianza zote pale uwanjani. Wanawake wa mtaa wakaitikia. Katekista wetu alikuwa anapita na baiskeli. Alishuka, akasimama, akavua kofia, akatikisa kiuno mara mbili, akapanda akaenda zake.

Ila furaha ikafika mahali ikakwama. Wa kwanza ni nani, msichana au mvulana? Na Sakania yuko wapi?

Maana ilikuwa wazi sasa. Sakania ndiye aliyetumwa kwanza na habari ya kwanza. Bukama, wa akiba, kafika mbele yake.

Siku ile ikapita. Ya pili ikapita. Baba hakula. Gaspard alikuwa anaenda kazini na kurudi hajui amemwuzia nani nini. Mtaa uligawanyika, hawa wanasema msichana, wale wanasema mvulana, na kibarazani kwetu hapakukauka watu.

Na mama? Asubuhi ya siku ya tatu nimetoka nimemkuta amesimama kwenye ndoo iliyogeuzwa, kiganja juu ya macho, anatazama kaskazini. Akaniona.

"Natafuta mvua," akasema.

Ilikuwa Julai, wakuu. Mwezi huo kwetu hata wingu hakuna.

Adhuhuri, mtu akapiga kelele mtaa wa nyuma. Tukatoka. Katikati ya njia, katikati ya vumbi, anakuja Sakania kwa miguu. Bawa moja linaburuzwa, mkia umenyofolewa, kipanga alikuwa amemjaribu. Anatembea taratibu kama mama anayetoka soko la mbali. Baba alitaka kumkimbilia, mama akamshika shati.

"Utamuogopesha. Acha."

Akachuchumaa barabarani, akafungua ncha ya kitenge, akamwaga mahindi yake, yaleyale aliyogombana nao miaka miwili. Akaita kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitia hata sisi wanawe.

"Yoo mama, kuya. Kuya, mama yangu. Ulichoka?"

Sakania akala punje tatu, akapanda kwenye mkono wake.

Kibomba kilikuwa kimepondeka lakini karatasi imo. Nikasoma, mtaa mzima umenizunguka:

"Ni msichana. Lakini nyanya anasema mbona tumbo bado liko."

Wakuu, kicheko cha siku ile sijakisikia tena. Gaspard alikaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya kazini, analia na kucheka. Baba alipuliza filimbi mpaka pumzi ikamwisha, mama akamnyang'anya akaendelea yeye.

Léonie alirudi baada ya miezi mitatu, juu ya lori lenye harufu ya samaki, mtoto mgongoni na mtoto kifuani. Tulichinja mbuzi.

Baba alipewa wajukuu wote wawili kwa pamoja, mmoja kila mkono. Akakaa nao kwenye kile kiti tangu saa nne asubuhi mpaka jua linashuka, hataki kumpa mtu, mikono imekufa ganzi. Siku nzima hakutazama juu hata mara moja. Jioni nikasikia kelele kibandani, nikaenda kuona. Ni mama, anawagawia mahindi, anamgombeza Kamina kwa kusukumana.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Mzee akistaafu akakamata kitu chake, hata kama ni kitu cha kipuuzi na kinachafua shuka zako, mwachie. Na ukiweza, siku moja moja panda kwenye ndoo utazame naye.

Kijana wa ule uzi mwingine, baba yako kaangukia nini? Njoo uniambie. Na nyie wengine pia, semeni wa kwenu wanafuga nini, wanapanda nini, wanabomoa redio gani. Najibu polepole, kidole ni kimoja, lakini nasoma zote.