Nimezisoma Zote, Mama

Jamani, nichekeni tu. Klabu yetu ya wasomaji hapa Lubaga ilimwalika mama mmoja anayeandika riwaya za wafalme wa kale na watu waliorukwa na akili. Mimi, kwa uchu wa uenyekiti, nikasimama mbele ya wote.

“Mama, nimezisoma zote! Yule mfalme wako anayekiogopa kivuli chake alininyima usingizi.”

Ukweli, nilikuwa nimesoma maelezo ya nyuma ya jalada tu. Watu wakapiga makofi, nami kwa kiherehere changu nikambebea riwaya zote azitie sahihi.

Akachukua ya kwanza, akaigeuzageuza, akatafuta pa kuifungulia. Kisha akawageukia watu kwa upole.

“Nani ana wembe? Vitabu vya huyu bwana, ssebo wetu, bado vimefungwa kwenye kaveera, nailoni ile ya dukani.”