Juu ya Mbabula

Baba yangu alituacha nikiwa na miaka tisa, akaenda mji wa Kiwanja kwa mwanamke mwingine. Mama alitulea watoto sita kwa kuuza makala, makaa ya kupikia, na vumbi la makala hayohayo likamla kifua mpaka akafa. Baba hakuja hata kumzika.

Baba alipozeeka, yule mwanamke alimfukuza, naye akaja Goma na mfuko mmoja, macho yamezibwa na mtoto wa jicho. Wadogo zangu walikataa hata kumsalimia. Mimi nilimpokea, ila mtu asinisifu. Nilitaka kumwona akiniomba maji.

Nafundisha Kiingereza shuleni. Sokoni Birere, kwenye vitabu vinavyotandazwa chini juu ya plastiki, nilikuwa nimepata kitabu cha hadithi fupi za Warusi wa zamani, kimetafsiriwa kwa Kiingereza. Jioni, nikipika, baba alinisumbua nimsomee, nami nilimgeuzia kwa Kiswahili papo hapo. Theluji ilipoanguka katika hadithi, aliuliza kama ni majivu ya volkano. Nilimwambia ndiyo, ili anyamaze.

Hadithi moja niliichagua kwa makusudi. Ni ya mzee aliyekimbia mke na watoto, akarudi baada ya miaka mingi akitetemeka, akabisha mlangoni kwa binti yake. Niliisoma polepole, kila neno nikimtazama usoni. Binti akafungua. Hakusema kitu. Akamshika mkono, akamlaza juu ya jiko, nami nikaligeuza: mbabula.

Baba aliinua kichwa.

"Anamulalisha juu ya mbabula? Ile mbabula iko na makala ndani?"

Nilirudia mstari. Mimi mwenyewe sikuelewa, kwa sababu mbabula ninayoijua ni ile ya bati, jiko dogo la makala la kupikia mboga ya sombe. Makala hayakuandikwa popote.

"Iko nayo," nikasema. "Inawaka."

 Kesho yake alivuta mkeka wake mpaka mlangoni, mbali na moto, na hapo akakaa msimu wote wa mvua akikohoa. Nilifurahi, sifichi. Nilikuwa napuliza makala kwa nguvu ili ayasikie yakilia.

Kisha nikafikia hadithi nyingine katika kitabu kilekile. Humo wameeleza jiko la kwao: limejengwa kwa matofali, kubwa kama kitanda, na juu yake hulazwa bibi kizee au mgonjwa, kwa kuwa hakuna mahali penye joto kuliko hapo. Nilisoma mara tatu. Yule binti alikuwa amempa baba yake mahali pazuri kuliko pote nyumbani, bila neno la samahani wala la lawama. Nilimchukia binti huyo. Sijui alipata wapi moyo wa namna hiyo.

Siku mbili nilimficha hilo. Siku ya tatu alikohoa mpaka akashika ukuta, nikaenda mlangoni na kitabu mkononi.

"Papa, nilikosea kusoma. Ile mbabula yao haichomi mutu. Ni kitanda cha joto. Kuja karibu na moto."

Alinigeuzia macho yake meupe.

"Haukukosea, mwanangu. Ulisoma vile roho yako ilikuwa inapenda."

Akajifunika shuka, akabaki palepale. Nami nikarudi ndani, nikaota moto peke yangu.