Mtangazaji Aliyesema Tunakimbia kwa Damu

Ipo Jumamosi moja isiyonitoka kichwani, mwanangu, na kabla hujaanza kucheka kwamba nakuita mwanangu, keti nikueleze. Wewe uko kidato cha kwanza, sanduku lako bado lina rangi. Mimi niko kidato cha nne. Nimekula githeri ya shule hii, mahindi na maharagwe kila siku, mpaka wadudu wake wananijua kwa jina, na nina ndevu ambazo mwalimu wa zamu ametishia kuzinyoa kwa mkasi wa karatasi. Hapa shuleni huo ni uzee. Basi nyamaza usikie maneno ya mzee wako.

Nilikuwa kidato cha pili, katika shule ya kutwa ya kwetu, kabla sijahamia hapa. Kwetu ni Chepilat, na kama hujafika, jua kwamba pale barabara ndiyo mpaka: upande huu Bomet, upande ule Nyamira kwa Wakisii, na punda wako katikati bila kitambulisho. Ulikuwa wakati ambao watu wa pande zile mbili walikuwa wameanza tu kusalimiana tena baada ya mambo yaliyotokea, mambo ambayo wazazi wako watakueleza wakitaka. Watu walikuwa wanauziana, wanacheka, lakini wanachagua maneno.

Siku hiyo kulikuwa na mashindano ya dunia ya mbio za nyika, huko Ulaya. Duka la Mzee Arap Koros ndilo lililokuwa na televisheni, nyeusi na nyeupe, ikiendeshwa kwa betri ya trekta. Tulijaa mle ndani mpaka unga ukahamishiwa nje. Mtangazaji alikuwa Mzungu anayeongea kama mtu aliyemeza kiazi moto, kwa hivyo wazee walinipandisha juu ya kreti ya soda nitafsiri. Mimi! Mdomo huu uliokwisha kupigwa viboko na walimu wa kila somo siku hiyo ulipewa kreti na soda ya bure.

Na vijana wetu wakakimbia, mwanangu. Walipofika mwisho hukuona mtu mwingine, ni wao kwa wao, kama watu wanaorudi pamoja kutoka kanisani. Duka likalia. Mtu akanibusu kichwa, mpaka leo sijui ni nani. Ndipo mtangazaji akasema maneno yake, nami nikayatoa kama yalivyo.

"Anasema hawa watu weusi wa milimani hawana haja ya kufundishwa," nikasema. "Wamezaliwa hivyo. Anasema ni damu yao inayokimbia. Wazungu wanashindana kwa akili, hawa wanashindana kwa miguu tu, kama swala anayefukuzwa."

Halafu Barnaba, yule anayesambaza maziwa akiwa na punda wake, akaruka juu. "Sema tena! Rudia hapo pa damu!"

"Unashangilia nini?" akauliza Arap Koros. "Mtu amekuita swala na wewe unapiga makofi?"

"Swala ana ubaya gani? Angekuita kobe ungefurahi?"

"Amesema hatuna akili, Barnaba."

"Amesema tuna damu! Akili ni yake, abaki nayo, si ameshindwa nayo?"

Watu wakagawanyika pale pale. Wengine wakasema Mzungu ametusifu, wengine wakasema ametutukana akitabasamu. Mwingine akataka betri izimwe kama adhabu, akakumbushwa kwamba wasichana bado hawajakimbia. Kelele zilipopanda, Baba Kwamboka akainua mkono. Huyu ni Ombati, fundi viatu, Mkisii aliyeanza kushona viatu upande wetu wa barabara kabla mimi sijazaliwa. Ni mtu mpole, anaongea na misumari mdomoni.

"Mimi nauliza tu," akasema. "Kama ni damu, Barnaba, mbona mlima wa hapo kwa dispensari unaupanda ukiwa juu ya punda?"

Mwanangu, tulicheka mpaka kreti ikanidondosha. Barnaba naye alianza kucheka, kisha akaona wanaocheka ni wengi mno, uso ukamgeuka.

"Mimi ni mzee sasa," akasema. "Lakini damu iko. Na wewe haikuhusu, Baba Kwamboka. Nyinyi Mungu aliwapa ndizi. Mbio mtuachie sisi."

Hata wale waliokuwa wakimpinga Mzungu walitazama sakafu. Baba Kwamboka akatoa msumari mdomoni, akaushika.

"Msichana wangu anakimbia Jumamosi ijayo," akasema. "Anataka timu ya wilaya."

"Akimbie. Timu ya wilaya ni ya watoto wetu."

"Na akiingia?"

"Akiingia, mimi mwenyewe nitampa mursik kwa mkono wangu, watu wote wakiona."

Sasa wewe unayetoka Kisumu, ujue hilo si jambo dogo. Mursik ni maziwa lala ya kibuyu, yenye mkaa wa mti wetu ndani yake, na ndiyo tunayompokea nayo mkimbiaji wetu akirudi. Humpi mpita njia. Ukimpa mtu mbele ya watu umesema huyu ni wa nyumbani. Barnaba alitoa ahadi hiyo kwa sababu alijua haitamfika. Na Baba Kwamboka alikuwa na nyumba, duka na makaburi ya wazazi wake upande wetu, lakini alikuwa hajawahi kusikia mtu akisema hivyo kuhusu mtoto wake.

Hapo ndipo kogo aliposimama. Kogo ni nyanya yangu, mama wa baba, na alikuwa ameketi mbele kabisa juu ya gunia la sukari. Ana mtoto aliyekuwa mkimbiaji, baba yangu mdogo, kabla ya goti kuharibika.

"Kijana," akaniambia, "huyo mtu wa ndani ya sanduku anasikia?"

"Hasikii, kogo."

"Mwambie hata hivyo. Mwambie nilikuwa naosha soksi za mwanangu. Alikuwa anatoka giza halijaisha, anarudi kucha zimeng'oka, namkanda kwa maji ya chumvi huku analia kama mtoto. Halafu anakwenda kuandika kwenye karatasi amekimbia vipi, kesho abadilishe nini. Mwambie kama mwanangu alizaliwa anajua, yale maji ya chumvi nilikuwa namchemshia nani?"

Nikainama mbele ya televisheni, nikamwambia Mzungu yote kwa Kiingereza changu chote. Watu walitaka kucheka, lakini kogo hakuwa amemaliza. Akamgeukia Barnaba.

"Na wewe. Huyo amemnyang'anya mwanangu jasho lake, unampigia makofi. Halafu hata hujamaliza kupiga, umegeuka kumnyang'anya mtoto wa jirani. Mmesoma shule moja, wewe na huyo Mzungu?"

Barnaba akatoka nje kumwangalia punda. Punda hakuwa na shida yoyote.

Kwamboka alikuwa darasa moja na mimi. Jumatatu nilimkuta bombani, nikamweleza yote, nikimwigiza Barnaba na mwendo wake. Hakucheka sana. Aliniuliza jambo moja tu: baba yake alifanya nini mwishoni? Nikamwambia alirudi kushona. Akajaza ndoo.

"Wewe unajua mbio za pale uwanjani zinaamuliwa wapi?" akaniuliza.

"Kwa mlima."

"Kila mtu anafikiri ni mlima. Wote wanafanya mazoezi ya kupanda. Wakifika juu wanateremka wakijizuia, kwa sababu ya matope. Mimi tangu Krismasi nafanya mazoezi ya kuteremka." Akanionyesha magoti. Yalikuwa na makovu kama ramani ya Kericho.

Jumamosi ilinyesha asubuhi, ile mvua yetu inayoamka pamoja na wachuma chai. Mwalimu wa michezo alikuwa amepoteza sauti kwa mafua, akanipa kipaza sauti, akaniomba kwa jina la Mungu nisiseme upuuzi. Chepilat yote ilikuja. Baba Kwamboka alisimama karibu na kamba ya mwisho, amevaa koti la harusi. Barnaba alikuja na kibuyu, akakificha chini ya koti la mvua kama mtu aliyebeba kuku wa wizi.

Wasichana wakaanza. Mimi nikaanza na upuuzi, nakiri. Nilisema huyu wa Sotik anakimbia kama ameacha maziwa jikoni, na yule wa Longisa kama mwenye maziwa yuko nyuma yake. Watu walicheka. Kwamboka alikuwa katikati, amejificha, na waliochukuliwa kwenye timu walikuwa wachache wa mbele. Walipopanda mlima alizidi kurudi nyuma. Nikasikia mtu akisema, "Si mnaona?" Sikumwona ni nani, lakini Baba Kwamboka aligeuka akamtazama.

Wakafika juu. Wenzake wakaanza kuteremka wakiwa wamekaza mabega, wanakanyaga kama watu wanaovuka mto juu ya mawe. Kwamboka akafungua mikono akajiachilia. Mwanangu, alikuja kama jiwe! Akampita mmoja. Akawapita wawili waliokuwa pamoja. Mimi wa kipaza sauti nikasahau mizaha yote.

"Mnamwona?" nikapiga kelele. "Hakuchoka kule mlimani, alikuwa anajiwekea! Amechagua mahali! Anafikiri huyo! Tazameni mtu anayekimbia kwa kichwa!"

Kogo yangu akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika Nyamira. Kwamboka akateleza, goti likagusa chini, akainuka na matope usoni, akaendelea. Alimaliza wa pili. Wa pili, na yuko ndani ya timu. Wa kwanza alikuwa mtoto wa binamu yake Barnaba, ili usiseme nakuhadithia ngano.

Uwanja wote ukageuka kumtazama Barnaba. Hiyo ndiyo raha ya kuahidi mbele ya watu. Akatembea polepole, akatoa kibuyu, akafungua kifuniko, akampa Kwamboka kwa mkono wake wa kulia. Baba Kwamboka alikuwa amevua kofia.

Kwamboka akanywa. Akaonja tena kidogo, akamtazama Barnaba.

"Baba Kiprono," akasema, kwa heshima kabisa, "hii ni ya jana."

Uwanja ulipasuka. Maana mursik ya kumpokea mtu hulala siku nyingi, inakomaa, inakuwa na ukali wake. Barnaba alikuwa na hakika sana kwamba msichana atashindwa, hakuweka kitu. Jioni ya Ijumaa tu ndipo wasiwasi ulipomshika, akamimina maziwa mapya kwenye kibuyu cha mkaa akitumaini hakuna atakayejua.

"Umejuaje?" akauliza, akijikuna sikio.

"Nimezaliwa hapa, mzee. Ningekosa kujua?"

Barnaba alimtazama, akatazama kibuyu, kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia kwake. Alicheka. Alicheka mpaka akajishika kiuno. Akaninyang'anya kipaza sauti.

"Sikilizeni!" akasema. "Mgeni angemeza akasema asante! Ni mtoto wa nyumbani tu anayeweza kurudisha maziwa na kusema hayajalala! Huyu ni wetu! Kiprono, kimbia nyumbani, mwambie mama yako alete kile kibuyu cha wakwe!"

Kiprono, mwanawe mwenye ile damu maarufu, alikwenda akiwa juu ya punda. Kibuyu kilichokuwa kimewekewa wakwe kikaja, na wakwe, nilisikia baadaye, walipokelewa kwa chai. Kwamboka alikunywa, akampa baba yake. Baba Kwamboka alikunywa akiwa amefumba macho, na alipofumbua aliinama kufunga kamba za kiatu zilizokuwa zimefungwa tayari. Tulimwacha afunge.

Basi, mwanangu, ushauri wenyewe ni huu, uushike kabla kengele ya chakula haijakuharibu masikio. Utatoka hapa, utakutana na watu watakaokusifu. Sikiliza sifa hiyo kwa makini. Ukiambiwa unaweza kwa sababu ya kabila lako, au rangi yako, au mahali ulipozaliwa, muulize anayekusifu kama amewahi kukuona ukiamka. Kama hajakuona, mrudishie sifa yake kwa adabu, usimpigie makofi. Na ukiwa na mdomo kama wangu, ukipewa kreti au kipaza sauti, sema alichofanya mtu; watu wana macho, wataona wenyewe anafananaje. Kubwa zaidi, usimchukie Mzungu wa televisheni kwa maneno ambayo unamwambia mwenzako wa kitanda cha juu. Nimesikia mlivyokuwa mkimwambia yule mtoto wa Nyamira jana kwenye foleni ya uji. Nilikuwa nyuma yenu. Sikupenda.

Jivunie kwenu. Mimi najivunia mpaka shati linabana. Lakini jivunie kwa kitu ambacho jirani naye anaweza kukipata akiamka mapema.

Wazee wetu wakikubariki hukutemea mate kidogo kifuani. Umeshafua sare, kwa hivyo nitatumia maneno. Uamke kabla ya jua na ukute miguu yako inakungojea. Mlima ukupe pumzi, na mteremko usikutishe. Ukirudi nyumbani umeshinda, ukute watu barabarani. Ukirudi umeshindwa, ukute wale wale. Na githeri yako, mwanangu, Mungu aichambue wadudu kabla haijafika kwenye sahani.