Mtu wa Shati la Miraba

Gari la matangazo lilizunguka Ngokolo wiki nzima, kipaza sauti kimefungwa juu kwa waya, likitutangazia kwamba sinema inayokuja Jumapili imekula fedha nyingi kuliko sinema zote zilizowahi kufika Shinyanga. Wafu wanafufuka, wanajaa barabarani, wanawala watu. Mimi nilikuwa nashona sare za shule barazani kwa mama, na neno lililonikaa kichwani ni hilo la fedha. Mtu akianza kwa kukutajia gharama, mimi hujiuliza anaficha nini. Ndivyo nilivyoumbwa. Hata jirani akinigawia chumvi, huionja kwanza kwa ncha ya ulimi.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya themanini, miaka ya foleni, sabuni ikifika dukani watu wanavuana vitambaa vya kichwa. Lakini kiingilio cha sinema kilipatikana, sijui kwa njia gani. Jumapili alasiri ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa sakafuni. Nilikwenda na mama yangu na jirani yetu muuza vitumbua, Mwislamu mzaliwa wa Ujiji, mwanamke wa maneno mengi na moyo mweupe.

Sinema yenyewe ilikuwa imechakaa, mistari inanyesha kwenye picha tangu mwanzo hadi mwisho. Wafu wake walikuwa wengi kupita kiasi. Walitembea wakiyumba, midomo wazi, wananguruma bila kusema neno, na nyuso zao zote zilikuwa na rangi ya majivu, huwezi kumtambua mzungu wala mweusi.

Tulipotoka, watu hawakubishana kama sinema ni nzuri au mbaya. Walibishana kama ni ya kweli. Kwetu kila mtu anajua msukule ni nini: ni mtu aliyefichwa na mchawi, ndugu zake wakazika kitu kingine wakidhani wamemzika yeye. Hukatwa ulimi, hulimishwa mashamba usiku, hulishwa pumba.

"Hebu niambieni," fundi baiskeli alisema, amesimama katikati ya njia ili asipitwe na mtu. "Watu wote wale nani amewalipa? Mimi nina kibarua mmoja tu, kila Jumamosi ananitoa jasho. Wale wapo mji mzima!"

"Si wamesema imekula fedha nyingi?" muuza vitumbua alimjibu.

"Fedha ya kuwanunua, mama. Siyo ya kuwalipa. Halafu umemsikia hata mmoja akiongea? Ndimi hawana."

"Jamani, wale wamepakwa unga usoni. Unga! Na sisi huku tunautafuta kwa tochi."

Watu walicheka, lakini hawakumwamini. Waliotoka vijijini ndio waliokuwa wakali zaidi. Walisema wazungu wameonyesha ukweli mtupu isipokuwa jambo moja: msukule hali nyama. Anakula pumba. Hapo ndipo walipodanganya, na wamedanganya makusudi, ili tusijue pa kuwatafuta. Mwenye ukumbi alikuwa mlangoni anasikia yote hayo, anatabasamu, hakani wala hakubali. Nilimtazama sana mtu yule.

 Tulipofika nyumbani mama alikaa kitandani na kanga yake bado begani, akasema, "Nimemwona baba yako."

Baba alikuwa amefariki masika yaliyotangulia. Alikwenda na kaka yake, baba yetu mkubwa, kutafuta dhahabu upande wa Bugarama, ambako wachimbaji walikuwa wakichimba mashimo membamba marefu waliyoyaita maduara. Duara likaanguka. Baba mkubwa ndiye aliyemleta, kwa lori la mizigo kupitia Isaka, ndani ya sanduku lililopigwa misumari pande zote. Alisema siku zimepita, tusifungue. Hatukufungua. Tulizika, tukalia, tukamaliza matanga. Kabla mwaka haujaisha, baba mkubwa akanunua mashine ya kusaga.

Sasa mama aliniambia aliyoyaona. Mle kwenye sinema, penye kituo cha mafuta, nyuma ya yule dada anayewakimbia wafu, anapita mtu mmoja akiburuta mguu wa kushoto, unyayo umegeukia ndani. Baba aliburuta mguu huohuo tangu alipokanyagwa na mkokoteni wa ng'ombe. Na amevaa shati la miraba lenye mfuko mmoja ulioshonwa upande.

"Lile shati la kafa Ulaya?" nilimuuliza. Tuliliita hivyo vazi lolote la mtumba, kwa kuamini mwenyewe kafa huko kwao.

"Lile lile. Mfuko niliushona mwenyewe, nikaukosea. Ni wewe uliyenicheka."

Niliudhika. Nilimwambia mashati kama lile yametoka huko Ulaya, basi lazima huko yamebaki mengine. Nilisema kwa ukali, kwa sababu nilikuwa nimeanza kumwamini na sikutaka ajue. Jumatano, bila kumuaga mtu, nilikwenda peke yangu kuangalia.

Nilimwona. Anapita haraka, kabla hujamaliza kuvuta pumzi, na uso ameugeuzia upande mwingine. Mguu ni ule. Shati ni lile. Mfuko sikuweza kuuona sawasawa kwa sababu ya mistari, na mpaka leo sijui niliogopa kuuona au kweli haukuonekana.

Sinema ilibakizwa wiki kadhaa, maana watu walikuwa wanarudi kutazama kama na wao wana mtu wao mle. Jumapili ya pili mama alisimama katikati ya ukumbi, mtu wa shati la miraba alipoingia kwenye picha, akamwita. Alimwita kwa jina la utoto wake, ambalo sisi watoto hatukuruhusiwa kulitamka. Mtu yule hakugeuka. Aliburuta mguu akatoka.

"Hasikii huyo," mtu alisema gizani. "Masikio yamezibwa."

Basi siri ikawa ya mji. Na watu walipokwisha kuamini kwamba baba ni msukule, swali lililobaki lilikuwa dogo: nani aliyemfanya? Waliangalia nani alileta sanduku. Waliangalia nani alinunua mashine. Halafu akatokea mtu akauliza jambo ambalo nakiri hata mimi nilikuwa nimeliuliza moyoni kabla yake. Mashine inatoa pumba kila siku. Baba mkubwa hafugi nguruwe, hafugi kuku. Hizo pumba, anazozifungia kwenye ghala lenye kufuli, anamlisha nani?

Ndani ya siku chache wanawake wakaanza kupeleka mahindi yao kusaga Ibinzamata, ng'ambo ya mji, madebe kichwani juani. Mashine ya baba mkubwa ilinyamaza. Sungusungu wakamwita. Walikuwa wameanza karibuni tu, walinzi wa wananchi wenye pinde na filimbi, na mkuu wao waliyemwita mtemi alikuwa mtu wa haki kwa kadiri alivyoielewa. Wezi waliwaogopa na sisi tuliwapenda kwa hilo. Lakini wakikuhukumu kuwa mchawi, adhabu ndogo kabisa ni kutengwa: usipewe moto, usisalimiwe, mkeo asichote maji kisimani na wenzake. Adhabu kubwa hakuna aliyeitaja kwa sauti. Shahidi walimhitaji mmoja tu, na huyo ni mama.

Asubuhi ya baraza baba mkubwa alikuja kwetu kabla hatujafagia. Nilimwamkia, "Shikamoo, baba mkubwa." Hakuitikia. Nikainuka niwapishe, akanizuia.

"Kaa, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma. " Mama yako anahitaji sikio la pili." Kisha akamgeukia mama. "Shemeji, lile sanduku mlizika udongo."

Mama alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua.

"Udongo gani?"

"Wa mdomoni mwa duara. Pale pale alipoingilia. Yeye hatukumtoa."

Alisimulia akitazama ungo. Siku ile yeye alikuwa juu anavuta kamba, baba yuko chini. Ardhi ilikaa kimya, kisha ikashuka. Kamba ikaja mikononi mwake nyepesi. Walipotulia wakasikia mlio kutoka chini: baba alikuwa anagonga jiwe kwa nyundo. Baba mkubwa akaokota jiwe, akagonga na yeye, ili ajue kwamba wapo. Mwenye duara akakataza kuchimba, akasema wakigusa tu yataporomoka na maduara ya jirani, watu wengine wamo. Wakamshika baba mkubwa mikono.

"Ukafanya nini?" mama aliuliza.

"Nilikaa pale nikimjibu. Akigonga, nagonga. Mpaka ikawa nagonga peke yangu."

Mama aliweka ungo chini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesemaje? Kwamba nimemwacha? Nilitaka watoto wawe na kaburi. Lile sanduku sikulipigia misumari kuficha uchawi, shemeji. Niliona haya."

Aliziweka funguo za ghala mkekani, akasema pumba ziko huko zote, hajui hata azifanyie nini, amezifungia tu kwa sababu alichoka kuombwa. Akaondoka. Mimi nikamwambia mama haraka haraka kwamba sasa basi, twende tukaseme ukweli, shauri limekwisha.

Mama alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume.

"Niwaambie sanduku halikuwa na mtu?"

Hapo ndipo akili iliponirudi. Sanduku lisilo na mtu ndicho kitu walichokuwa wanakitafuta. Kila msukule huanza hivyohivyo, kwa sanduku la uongo. Ukweli wa baba mkubwa ndio ungemmaliza kabisa.

Baraza lilikaa kwenye uwanja ulio nyuma ya ghala la pamba. Watu walikuwa wengi, na fundi baiskeli alikuwa mbele. Baba mkubwa alikalishwa chini, peke yake. Mtemi alimsimamisha mama, akamuuliza kwa heshima kama ni kweli amemwona mumewe akitembea.

Mama yangu alikuwa mtu wa kanisani. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema uongo, hata wa kumfukuza mgeni. Alifunga kanga vizuri kiunoni.

"Nilimwona mume wangu mara moja tu baada ya kufa kwake," alisema. "Lile sanduku nililifungua."

Watu wa nyuma walisimama ili wamwone.

"Lilikuwa na misumari, mama," mtemi alisema.

"Niliing'oa kwa shoka la kuni, wanaume wakiwa nje wanachimba kaburi. Nilimkuta. Kifua kilikuwa kimevunjika. Nikamfunga kidevu kwa kitambaa changu, nikamnyoosha mguu ule wa kushoto, ukakataa kunyooka. Nikairudisha misumari. Sikumwambia mtu, maana shemeji alikuwa amekataza, na nilimheshimu."

"Na yule wa sinema?"

"Yule ni mlevi wa huko kwao. Majonzi yalinidanganya macho. Nisameheni."

Aliutaja ule mguu kwa namna ambayo wanawake walianza kulia. Muuza vitumbua alilia kuliko wote, akarudia mara nyingi kwamba yeye alikwisha kusema, ni unga ule, ni unga. Mtemi akamwambia baba mkubwa ainuke. Wiki iliyofuata madebe ya mahindi yalirudi kwenye mashine yake, na fundi baiskeli akawa wa kwanza kuomba pumba.

Baba mkubwa aliishi nasi vizuri hadi alipokufa kwa uzee. Kuhusu udongo nilimwamini siku ileile. Kuhusu fedha alizonunulia mashine, na kama kweli mikono yake ilishikwa au aliiacha ishikwe, sijaamua. Nilipokuwa napokea unga kwake nilimsalimia kwa adabu zote, na bado niliitazama mikono ile.

Siku ya mwisho ya sinema, siku chache baada ya baraza, mama aliniambia anakwenda kwenye kwaya. Sikuamini, nikamfuata. Ukumbi ulikuwa karibu mtupu, watu walikwisha kuichoka. Alikaa benchi la mbele peke yake, nami nikajibanza karibu na mlango. Kituo cha mafuta kikatokea. Yule dada akakimbia. Mtu wa shati la miraba akaingia akiburuta mguu, na safari hii mama hakuita. Aliinama, akagonga benchi kwa kifundo cha kidole, taratibu, halafu akaacha.

Akainamisha kichwa, sikio karibu na ubao.

Mimi, niliyekuwa simwamini mtu yeyote katika mji ule, nilishikilia fremu ya mlango na kuzuia pumzi, nisije nikamfanya asisikie.