Shemeji Yangu Hunipiga Jukwaani na Watu Wanasimama Kumshangilia

Admin, nifiche vizuri, maana Nakuru watu wanajuana na mimi nina uso ambao watoto hawausahau. Nina miaka arobaini na tatu, mke, watoto watatu na bucha ndogo. Sijasomea sanaa. Sanaa ndiyo iliyonifuata kazini.

Mama mmoja mwenye kundi la maigizo alikuja kununua mbavu za mbuzi, akanitazama nikikata mifupa, akasema amekuwa akitafuta mtu kama mimi. Walikuwa wanatayarisha mchezo mpya wa kuimba, kuhusu mtumwa mmoja wa visiwa vya miwa huko ng'ambo aliyewainua wenzake mashambani mpaka mabwana wakakimbia. Nikafikiri nitakuwa mtumwa, niimbe huko nyuma. Akasema hapana, mimi ni nyapara, na uso wangu hauhitaji kupakwa chochote.

Kiongozi wa watumwa anaigizwa na mume wa dada yangu mdogo. Ana kifua, ana sauti, na akiimba ule wimbo wa kukata minyororo hata mabaunsa wa mlangoni wanapangusa macho. Mwanzo wa mchezo mimi humchapa kwa mjeledi wa nyuzi za kufuma, ambao hauwezi kuua nzi. Mwisho watumwa wanaasi, naye ananiangusha. Tulifundishwa ngumi ipite kando ya sikio, mimi nigonganishe viganja kwa siri ili isikike kama imetua, kisha nianguke. Siku hizo shida yangu ilikuwa watazamaji tu, waliodhani mimi ni nyapara kweli. Tulipoenda Gilgil, mathe mmoja aliyezaliwa kwa shamba la mzungu aliningoja nje na mwavuli, akanicharaza mgongoni kwa niaba ya marehemu baba yake. Nikamwambia pole, mathe. Ningefanya nini? Kuna manyapara waliokufa na deni, na uso ni huu.

Halafu siku moja nikampelekea dada yangu maini. Alifungua mlango nusu. Jicho moja lilikuwa limefunga, mdomo umepasuka, na alipogeuka kuchukua sahani nikaona alama za vidole shingoni. Akasema alianguka bafuni. Mimi nagonga nyama kila siku. Bafu halina vidole.

Nikamngoja mume wake nyuma ya pazia kabla ya mazoezi, nikamwambia polepole kwamba nikiona hayo tena nitasahau kama yeye ni shemeji. Akatabasamu vizuri sana. Akasema, "Sawa, shem."

Onyesho lililofuata ngumi haikupita kando ya sikio. Ilitua puani nikasikia mfupa ukivunjika, sauti ninayoijua, ila kwa kawaida huwa ni ya mbuzi. Nikaanguka kabla ya zamu yangu. Akanipandia na goti, ubavu ukaachia, akaendelea kunipiga usoni huku watumwa wenzake wametuzunguka wakiimba uhuru, wakidhani tumefanya mazoezi ya ziada. Watu wote ukumbini walisimama. Aliinama kama anayenilaani, akaninong'onezea, "Bado unataka kuongea, shem?" Pazia liliposhuka yule mama mwenye kundi alinikumbatia, damu yangu ikamwingia kwenye leso, akasema hatimaye nimeanza kuigiza.

Tangu hapo ni kila onyesho, nami sijaacha, maana nikitoroka hasira yote itabaki kwa dada yangu. Naivasha niliacha jino. Wiki moja nilikojoa damu. Video ikasambaa, na maoni mengi chini yake yalisema mpige tena. Nimeyasoma yote, nina wakati, sitafuni haraka siku hizi.

Nilimtoa dada yangu huko nikamleta kwangu. Jumapili iliyofuata mume akaja na nusu ya kundi, akapiga magoti kwenye geti langu, wakauimba ule wimbo wa minyororo kwa sauti nne. Majirani walilia. Mmoja alimuuliza mke wangu wanaume kama hao hupatikana wapi. Dada yangu akatoka, akapigiwa vigelegele, akarudi naye. Siku chache baadaye mkono wa dada yangu ulikuwa umevunjika, umefungwa plasta. Tulipoenda kuripoti polisi, afisa aliyekuwa zamu alisikia jina la mume akauliza kama tiketi za onyesho la mwisho bado zinapatikana.

Onyesho hilo la mwisho ni Jumapili hii, hapa Nakuru. Nimenunua nyahunyo, mjeledi halisi wa ngozi ya ng'ombe, kutoka kwa mfugaji mmoja sokoni, nikaizungushia zile nyuzi juu. Ukiiona utasema ni ule mjeledi wa kila siku. Niliijaribu kwa paja la mbuzi lililoning'inia buchani, na ilipasua hadi mfupa. Mchezo unasema nyapara anachapa, kiongozi analia, watu wanaimba. Hakuna atakayenizuia. Wataona tu kwamba nimeboreka.

Jana nikaenda kumwambia dada yangu afunge nguo zake. Alikuwa anamenya viazi kwa mkono mmoja, kiazi amekibana kwa plasta. Nilimwonyesha nyahunyo. Hakuishika. Akamaliza kile kiazi, akakitia majini, ndipo akaongea, bila kuniangalia.

"Bro, kila alama utamwekea huko mbele ya watu, atakuja kuniwekea mimi hapa kwa nyumba. Kwa hivyo usimpige. Ama kama ni kumpiga, mpige asirudi."

Kisha akaniuliza kama nitakunywa chai.

Nimetoka hapo sijui kama alikuwa ananikanya au ananituma. Nimeshika kisu tangu nikiwa kijana na sijawahi kuuogopa mkono wangu, lakini leo asubuhi nilimwambia kijana wangu akate nyama yeye. Nikimwacha shemeji, siku moja nitaitwa kumtambua dada yangu kwenye meza ya chuma. Nikimgusa kidogo, nitaitwa mapema zaidi. Nikimpiga vile alivyosema, nitakuwa nimemwachia dada yangu kaka aliye jela na maiti ya kuzika.

Najua wengi wenu mtakuwa pale ukumbini, na wengine mmeshanishangilia nikivuja damu. Basi mnanidai ushauri mmoja tu kabla ya Jumapili: nipande na mjeledi upi?